Mnatuambia tununue hisa, kuuza mtatufunza lini?

Mhariri,

Kurasa zenu za biashara nazisoma sana na kazi mnaifanya, lakini kuna jambo linanikera muda sasa. Hisa ikipanda mnatuandikia imepanda, ikishuka mnasema wawekezaji wamepoteza mabilioni, halafu katikati hapo anawekwa mtaalamu wa kutuambia tununue, tutulie, tuwe na subira. Sawa, tumesikia. Kuuza je? Mimi naona hapa Kenya wengi walioumia sokoni hawakuumia kwa kununua kampuni mbovu, waliumia kwa kuwa hawakuwahi kujiuliza watatoka lini na kwa sababu gani.

Chukua hii ya Safaricom manake ndo kila nyumba iko nayo. 2008 serikali ilitoa hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, watu wakapiga foleni, wengine wakakopa benki na sacco waende wakanunue. Na hawakuwa wajinga, walikuwa wameiona KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, 2006, iliuzwa 11.90 na ilipoingia sokoni ikaruka mpaka kama shilingi 40 hivi, kwa hivyo kila mtu alikuwa na hesabu hio kichwani, nanunua tano, nauza kumi na tano, nalipa mkopo, nabaki na changu. Safaricom ikaingia sokoni Juni 2008 ikapita shilingi 7, wakasema bado, ngoja kwanza. Kufika 2009 iko chini ya 3 na deni la benki linataka kulipwa mwisho wa mwezi. Walouza hapo waliuza kwa sababu mkopo haujui subira, si kwa sababu kampuni ilikuwa mbaya. (Hio KenGen yenyewe 2023 ilikuwa inauzwa karibu shilingi 2, kwa hivyo yule alouza siku ile ya 40 akachekwa na majirani ati ana haraka, mwacheni apumzike.)

Sasa kuna waliobaki. Hawa ndo nataka kuwazungumzia hasa, manake walifanya vile mtaalamu alivyosema, walinunua wakatulia, na Agosti 2021 hisa yao ikapita shilingi 40. Mwenye hisa elfu 10 alozinunua kwa elfu 50 alikuwa na zaidi ya laki nne kwenye simu yake. Nasema kwenye simu kwa sababu haikuwa mfukoni, ilikuwa namba ya kuangalia asubuhi kabla ya chai. Halafu Marekani wakapandisha riba, wageni wakaanza kutoa pesa zao Nairobi, dola zikawa hazipatikani, Ethiopia nako kampuni inamwaga pesa nyingi kujenga mtandao mpya, na kufika mwisho wa 2023 hisa iko chini ya 15. Zile laki nne zikawa laki na kitu.

Utaniambia ah, ya nyuma kila mtu anayaona, nani angejua 2021 kwamba pale ndo kilele? Hakuna. Mimi pia nasema hakuna, na anayekwambia anajua kilele kiko wapi anakuuzia kitu. Lakini kilele si cha kutafuta. Cha kuuliza ni kitu kingine kabisa: hii pesa iliyokaa hapa saa hii inanilipa nini, na ingekaa kwengine ingenilipa nini? Mwaka ule Safaricom ililipa mgao (ile sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa) wa shilingi 1.37 kwa hisa. Kwa bei ya 40 hio ni asilimia 3 na ushee. Mwenye hisa elfu 10 alipata kama elfu 13 baada ya kodi, kwa mali ya laki nne. Mwaka huohuo serikali ilikuwa inatoa bondi za miundombinu (unaikopesha serikali miaka kadhaa, nayo inakulipa riba) zenye riba ya zaidi ya asilimia 12 na hazikatwi kodi, yaani laki nne zile zile zingeleta elfu 48 na zaidi kwa mwaka. Sisemi angehamisha zote, bondi haikui na kampuni inaweza kukua, na ndo sababu watu hukubali mgao mdogo leo wakitarajia mkubwa kesho. Lakini tofauti ya elfu 13 na elfu 48 ni kubwa mno mtu asijiulize hata kidogo. Na angalia upande wa pili, 2023 bei ikiwa 13 na mgao ni 1.20, hapo hisa inalipa karibu asilimia 9, na ndo wakati ambao kila mtu alikuwa anakimbia kuuza! Tulishikilia ilipokuwa ghali, tukaiachilia ilipokuwa rahisi.

Lingine ni kapu, yaani jumla ya vyote ulivyowekeza. Mtu ana laki moja, elfu 25 anaweka hisa ya kampuni moja na elfu 75 anazigawa kwenye bondi na hisa za benki mbili tatu. Miaka inapita, ile ya kwanza inakuwa elfu 75 na nyengine zimekaa pale pale. Sasa kapu ni laki na nusu na nusu yake iko kwa kampuni moja. Huyu mtu hakuwahi kuamua kuweka nusu ya mali yake pale, bei ndo ilimuamulia. Ukimuuliza leo, ukipewa laki na nusu taslimu utaweka elfu 75 kwa kampuni moja, atasema la, siwezi, ni hatari. Basi si apunguze? Auze za kama elfu 37, irudi robo kama alivyokusudia mwanzo, nyengine aziache ziendelee. Mwenye shamba la minazi haangui zote dafu na haachi zote ziwe nazi, na hapa pia si lazima iwe yote au hakuna. Watu wetu wakisikia kuuza wanafikiria kuuza zote na kufunga akaunti.

Kuna hii nyengine inayopendwa sana kwenye vyama vyetu, toa mtaji wako kwanza, ubaki unacheza na faida. Inasikika vizuri na mtu analala usingizi, sikatai, lakini soko halijui ulinunua kwa ngapi na wala halina haja ya kujua. Shilingi ya faida ikipotea imepotea sawasawa na ya mtaji. Na ugonjwa huu ndo huohuo unaomfanya mtu akatae kuuza kwa hasara, anangoja bei irudi aliponunulia ndo atoke. Waulize wa Mumias, kampuni ya sukari. Kiwanda kilipoanza kuyumba kuna watu walisema nikifikisha bei yangu natoka, bei haikufika, 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu (msimamizi anayewekwa na wadai kukusanya deni lao) na hisa zikasimamishwa, na hapo huuzi hata kama unataka. Waulize pia wa Kenya Airways, hisa ilouzwa 11.25 mwaka 1996 ikaja ikapita 100 miaka kumi baadaye, kisha ikateremka mwaka baada ya mwaka mpaka Julai 2020 biashara yake sokoni ikasimamishwa, ikafunguliwa tena Januari 2025. Miaka minne na nusu mtu ameshikilia karatasi asiyoweza kuiuza hata kwa shilingi moja. Kwa hivyo hii ya kushikilia tu milele nayo si dawa ya kila kitu, inategemea kampuni ina hali gani leo, na ilivyokuwa siku ulopenda kuinunua haisaidii kitu.

Sasa isije mtu akasoma barua hii kesho akaanza kuuza na kununua kila wiki. Broka, yaani dalali wa hisa, na tozo zake wanachukua karibu asilimia 2 ukinunua na karibu asilimia 2 tena ukiuza, kwa hivyo hisa lazima ipande kama asilimia 4 ndo urudi ulipoanza, na mwenye kurukaruka anamtajirisha broka tu. Pesa nayo haiji siku hiyohiyo, ni siku tatu za kazi, kwa hivyo anayepanga kulipa karo Jumatatu asiuze Ijumaa. Lakini kodi hapa ina nafuu ambayo sioni mkiiandika vya kutosha. Ukiuza ploti kwa faida serikali inataka asilimia 15 tangu 2023, ukiuza hisa za soko la Nairobi faida yako haikatwi hio kodi. Mgao tu ndo unakatwa asilimia 5. Watu wangejua hivyo pengine wasingeogopa hivi kupunguza.

Kwangu mimi sababu nzuri za kuuza ni chache: pesa ina shughuli na shughuli imekaribia, kapu limeegemea upande mmoja, kampuni imebadilika si ile ulonunua, ama mgao umekuwa kiduchu kwa bei ilivyo na kuna pahali salama panalipa zaidi. Hizo mtu aziandike kwenye daftari siku anayonunua, akiwa na akili yake timamu, manake bei ikipaa kila mtu anakuwa mjuzi na kundi la WhatsApp linakuwa moto, hapo hufikirii tena. Ati imepanda sana sioni kama ni sababu. Na ati imeshuka sana pia si sababu.

Haya nayasema sasa kwa sababu 2025 soko liliamka tena, Safaricom ikapita 25 na riba za serikali zikateremka kutoka ile asilimia 18 ya bondi ya Februari 2024, na naanza kusikia maneno yaleyale ya zamani, bado bado, ngoja kwanza.

Ombi langu kwenu ni dogo Mhariri. Ile jedwali ya bei za hisa ongezeni safu moja tu, mgao wa mwaka uliopita kama asilimia ya bei ya leo, na pembeni wekeni riba ya hati za serikali (mikopo yake ya muda mfupi) za wiki hio ili mtu alinganishe bila kutafuta kikokotoo. Na tarehe ya kufungwa daftari la wenye hisa (ndo inayoamua nani apate mgao) iandikwe mapema kwa herufi kubwa, manake kuna watu huuza siku chache kabla bila kujua, wakakosa mgao walioungojea mwaka mzima.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa