Kwato za farasi wa Dhofar

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Lamu. Mamako hajambo, goti limetulia. Ile picha yako ya Salalah, huko Dhofar nchini Oman, umemshika farasi hatamu, imezunguka mtaa mzima. Mjombako aliing'ang'ania simu yangu mpaka chaji ikaisha. Mimi imenirudisha mbali, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga.

Nilipokuwa mtoto, tulipofika sura ya Wal-Aadiyati chuoni, maalim alitufasiria: Mwenyezi Mungu anaapa kwa farasi waendao mbio wakihema, kwato zao zikitoa cheche, wakishambulia asubuhi na kutimua vumbi. Sikuwa nimeona farasi maishani mwangu, nikamweka punda wa babu yako mahali pake. Vumbi nalijua. Kuhema nakujua, namwona kila siku akitoka gatini na mawe mgongoni. Cheche ndizo zilizonishinda. Usiku nikajibanza kichochoroni nikimvizia apite, nione kama ukwato utawaka. Wapi! Nilipomuuliza maalim akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Punda wa Lamu hukanyaga mchanga, we mtoto."

Aliyenipoza ni Buraq, mnyama aliyempanda Mtume usiku wa Miraji. Hadithi yasema alikuwa mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda, mdogo kuliko nyumbu, na hatua yake hufika upeo wa macho yake. (Uso wa mwanamke na taji waliompa wachoraji wa Uajemi ni mambo yao wenyewe.) Mimi nilishika kipimo tu: wameanza kupimia kwa punda! Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa wewe uko Dhofar kwenyewe. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pwani yetu mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja, akaenda Kilwa. Lamu hakututaja, tumemsamehe. Kutoka Kilwa alipanda chombo hadi Dhofar, mji ambao magofu yake ndiyo hayo ya Al-Baleed, jirani na kwako. Akaandika kwamba farasi wazuri hupakiwa hapo kwenda India, mwendo wa mwezi mzima upepo ukiwa mwema. Akasema pia kwamba wanyama wa hapo hulishwa dagaa, jambo ambalo hakuliona kwingine. Nilimpelekea punda wetu dagaa jana, kumjaribu tu. Alinitazama kama niliyemtukana.

Jinsi farasi walivyosafirishwa baharini, Marco Polo, msafiri wa Venisi, ndiye aliyesimulia, miaka kama thelathini na kitu kabla. Huko Hormuz, bandari ya Uajemi, aliona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi, kama mitepe yetu ya zamani, akavidharau sana. Havikuwa na sitaha. Shehena ilipakiwa, ikafunikwa ngozi, na farasi wakasimamishwa juu ya hizo ngozi. Wewe unajua bahari ya Shela ikichafuka mtu anavyotafuta pa kushika. Farasi atashika nini?

Na waliofika hawakufika pema. Wafalme wa kusini mwa India waliwataka kwa vita, na nchi ile haikuwafaa farasi. Kwa maelezo ya Polo, mfalme mmoja wa Maabar alinunua 2,000 au zaidi kila mwaka, na mwaka ukiisha hawabaki hata 100. Walilishwa wali na nyama ya kupikwa, na hapakuwa na wa kuwatibu. Wafanyabiashara hawakupeleka mafundi wa farasi, na aliyetaka kwenda mwenyewe walimzuia, maana farasi akifa ndipo atanunuliwa mwingine.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Mtume amesema kheri imefungwa katika nywele za paji la farasi hadi siku ya Kiyama. Bila shaka bandarini palikuwa na watu walioijua hadithi hiyo kwa moyo, na mkono huohuo uliopapasa lile paji ukaikaza kamba na kupakia. Mimi nimefuga punda miaka thelathini na sijioni mtakatifu. Nimewahi kumbebesha mmoja mchanga kupita kiasi, akapiga magoti pale mbele ya msikiti, watu wakiniangalia. Sijasahau.

Ukirudi kwenye hilo zizi, nipigie picha nyingine, safari hii ya kwato, si ya uso. Nataka kuona kama zina chuma. Na ukipata wa kukuruhusu, mtembeze juu ya mawe kiza kikishaingia, kisha unieleze ulichoona.

Babako