Mwacheni mtoto na kanga yake

Mhariri,

Mjukuu wangu wa miaka mitatu alilazwa hapa Tanga, hospitali siitaji. Alikwenda na kipande cha kanga ya mama yake, pindo limechakaa kwa kunyonywa. Muuguzi akamnyang'anya, eti kichafu. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka. Kumchoma sindano ikawa vita. Usiku nilikifua kwa sabuni ya mche, nikakianika dirishani. Harufu ya mama ilipungua, lakini alikinusa, akalala.

Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika tangu 1953 kwamba kitu kama hicho humsaidia mtoto kuvumilia kuachana na mama. Usafi sawa, ila kanga si hufuliwa? Wauguzi wetu, muulizeni mzazi kwanza.

Bibi, Ngamiani, Tanga