Video za ajali zimetosha, sasa tuonyesheni cha kufanya

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma. Mdogo wangu ana miaka 19, ni bodaboda, aligongwa na gari maeneo ya Nanenane hapa Dodoma akiwa amebeba mshikaki (abiria zaidi ya mmoja), na helmeti anayo ila siku hiyo ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani. Kabla mama hajapigiwa simu mimi nilishaiona video kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, nikamtambua kwa viatu. Mmoja kamshika mikono mwingine miguu, shingo inaning'inia, wanamsukumia kwenye bajaji, na anayerekodi anawaambia watu wasogee hawaonekani vizuri!

Video ile imezunguka kote na hakuna hata mmoja aliyeandika chini yake kwamba majeruhi wa namna ile hanyanyuliwi kama gunia, anaachwa alale hapo hapo kama hakuna hatari nyingine mpaka msaada ufike, mtu mmoja anamshikilia kichwa kitulie, na ikilazimika kumbeba basi alazwe kwenye ubao kichwa na mgongo vikiwa vimenyooka. Damu tumeiona wote, cha kufanya hatujajifunza.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinaongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 mpaka 29, na kwa mwaka wanakufa kama milioni 1.19 duniani. Hao ndio wanaoshinda TikTok na Instagram. Semina za ukumbini tumezifanya sana, vijana wanasaini wanakunywa soda wanaondoka. Kwa nini tusiwafuate huko huko waliko, kwa klipu ya sekunde 30, nyepesi isimalize bando, mwalimu awe bodaboda mwenyewe wa kijiweni kwao Majengo au Chang'ombe, aonyeshe jinsi ya kufunga ule mkanda wa kidevuni (maana wengi wanavaa helmeti bila kufunga, ukianguka inaruka yenyewe kichwa kinabaki wazi). Na zitumwe na WhatsApp zifike Kondoa na Mpwapwa, ikibidi hata kwa lugha ya Kigogo.

Nasema hivi kwa sababu nimeona inafanya kazi. Jirani yangu mtoto wake alimwagikiwa na uji wa moto mkononi, mama mtu kakimbilia dawa ya meno, binti yake wa kidato cha pili akamzuia, mama usipake, nimeona kwenye simu nesi anasema ni maji ya baridi dakika 20. Bomba lilikuwa kavu, si mnajua mgao wetu, basi akachota kwenye ndoo akawa anamwagia taratibu kwa kopo huku anaangalia saa, maji yanakingwa kwenye beseni yanarudiwa. Mtoto alipelekwa hospitali, mkono umepona vizuri.

Mdogo wangu sasa anatembea na magongo. Amekubali tumrekodi akieleza mwenyewe siku ile ilivyokuwa na helmeti ilikuwa wapi, wenzake wa kijiweni nao wako tayari, simu ipo. Tunachotafuta ni nesi au daktari wa hapa Dodoma atakayekuja siku moja tu atuonyeshe vizuri namna ya kumshika majeruhi, tusije tukafundisha vibaya.

Dada wa bodaboda,
Chang'ombe, Dodoma