2.10 sio 2.1, kabla hujatupigia ukisema tumekuibia

Wiki iliyopita mzee mmoja mteja wetu, ana hadiwea kule Nyamakima, Nairobi, alinipigia saa moja asubuhi hata chai sijakunywa. "Kijana, mmeniibia." Nikamuuliza mzee kwani kumetokea nini. Akasema jana vijana wako walikuja kuniwekea ile programu yenu mpya ya kuuzia dukani, mimi nilikuwa na toleo la 2.9, sasa naona pale chini ya skrini imeandikwa 2.10, na 2.10 ni 2.1 tu imewekewa sifuri ya kujaza nafasi, yaani nimelipa ada ya sapoti ili nirudishwe nyuma. Alikuwa amemuuliza mpaka mjukuu wake wa gredi ya tano na mjukuu akathibitisha, 2.10 ni ndogo kuliko 2.9.

Kwa hesabu za shule huyo mtoto apewe alama zote. Lakini ile nukta yetu haihusiani na desimali, na kwa vile tangu tutoe 2.10 mwezi wa tatu nimepigiwa simu ya aina hii mara sita, na mmoja ashaanza kutusema kwenye status yake ya WhatsApp, wacha niandike mara moja nimalize.

Mzee ni mtu wa kanisa kwa hivyo nilimwambia asome ile namba kama sura na aya. Ukifungua Yohana 3 unasoma aya ya 8, ya 9, ya 10, mpaka ufike ya 16, na sijawahi kusikia mtu akisema aya ya 10 ni ile ya 1 imerudiwa. 2.10 ni sura ya pili, aya ya kumi. Na sio sisi tulianzisha hiyo mambo, Apple wenyewe kwa kompyuta zao walitoka 10.9 wakaingia 10.10 mwaka wa 2014, wakaendelea hivyo mpaka 10.15, ndio wakaja kugeuza ikawa 11 mwaka wa 2020. Mzee akanyamaza kidogo, akasema sawa, lakini bado unanidai nini.

Hapo kwa kudai ndio penyewe, kwa sababu hizo namba zinahusiana na pesa yako moja kwa moja.

Namba zetu ziko tatu, tuseme 2.10.3. Ya mwisho kabisa ikipanda, tumerekebisha kosa. Labda printa ilikuwa inakata risiti kabla ya jumla, au jina la mteja likiwa na alama kama ya Ng'ang'a programu inagoma (hiyo ilitokea, na tukiwa Nairobi kweli, aibu yetu). Hiyo ni bure na hatukuulizi. Ya katikati ikipanda, kuna kitu kimeongezwa na kila ulichokuwa nacho kinafanya kazi vile kilikuwa. Tulipounganisha na eTIMS, ule mfumo wa risiti za kodi wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, tulipandisha ya katikati, wateja wakashangaa mbona kazi kubwa hivyo imepewa namba ndogo hivyo, jibu ni kwamba kashia wako alifungua asubuhi akauza kama jana. Hiyo nayo iko ndani ya ada ya sapoti ya mwaka. Ya kwanza ikipanda, kuna kitu cha zamani kitavunjika mpaka kihamishwe kwa mkono, na hapo ndio kuna bei. Utaratibu wenyewe hatukuuota, karibu dunia nzima ya programu inaufuata, aliyeuandika ukawa kanuni ni Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, ile tovuti ambapo waandishi wa programu huweka kazi zao. Kusema kweli si wote wanaufuata. Linux, ile programu ya kuendesha kompyuta, ilitoka 2.6.39 ikaenda 3.0 mwaka wa 2011 bila kuvunja chochote, Linus Torvalds aliyeianzisha aliona tu namba zimekuwa kubwa sana. Sawa, ni programu yake.

Sasa kuna wale wananiambia ati 3.0, toleo letu linalofuata 2.10, ni 2.10 imebadilishwa jina ili tuwatoze, kwa sababu skrini ni ile ile. Jamani. Skrini ni ile ile kwa sababu tulikaa miezi tukihakikisha inabaki ile ile, ili yule dada wa kaunta asipotee foleni ikiwa mpaka mlangoni. Chini yake tumebadilisha vile stoki inahesabiwa, zamani ilikuwa inasema tu rangi ya lita nne ziko ishirini, basi, sasa kila shehena iko na tarehe yake ya kuingia na bei yake ya kununulia, kwa hivyo faida unayoona ni ya kweli. Kuhamisha data ya miaka minne kwenda huko sio kubofya. Tunakuja Jumamosi ukishafunga, tunachukua bakapu mbili, tunahamisha, tunachapisha ripoti ya zamani na ya mpya tunazilinganisha shelfu kwa shelfu, kuna siku tumetoka Industrial Area saa tisa usiku sababu misumari ilikuwa inahesabiwa kwa kilo upande mmoja na kwa pakiti upande mwingine. Tunatoza elfu kumi na tano. Mtu akiniambia kuna kijana River Road anafanya na elfu tatu namwambia aende, na namba yangu asiifute.

Kwa sababu wanarudi. Kuna mmoja wa spea Kirinyaga Road, nikitaja tu spea wenzangu ofisini wanashika kichwa. Alikuwa na 2.4, sapoti hajalipa miaka miwili, akasikia binamu yake ako na 3.0. Akatuma kijana na flashi, akakopi folda nzima kutoka kompyuta ya binamu, akaiweka juu ya yake. Na ikafunguka! Hiyo ndio mbaya, ikafunguka, ikaanza kubadilisha databesi yenyewe bila bakapu, ikafika katikati ikakwama, kwa sababu njia ya kwenda 3.0 inapitia 2.10 na yeye alikuwa ameruka matoleo yote ya hapo kati. Stoki tuliipata. Kilichopotea ni daftari la madeni, mafundi wa gereji karibu arobaini wanachukua spea kwa mkopo, na unajua fundi ukimuuliza anadaiwa ngapi siku ambayo kompyuta imesahau. Ilituchukua siku nne tukisoma risiti za karatasi na meseji za M-Pesa moja moja, nikampa invoisi ya elfu thelathini na nane, na ndiyo huyo huyo anasema kote sisi ni ghali. Tangu siku hiyo 3.0 ikikutana na data iliyo chini ya 2.10 inakataa kufunguka, inakuambia utupigie, kwa hivyo ukiona huo ujumbe usifikiri ni leseni tumefunga.

Njia ya mkato ya pili inaombwa kwa upole zaidi. "Nirekebishie tu hapa kidogo, usibadilishe namba, mdosi akiona namba imebadilika ataanza maswali." Zamani tulikuwa tunakubali. Wacha nieleze kwa nini tuliacha, na hapa kosa lilikuwa letu.

Aprili 2020 serikali ilishusha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14, tukapata siku chache tu za kujipanga. Wakati huo kiwango kilikuwa kimeandikwa ndani ya programu yenyewe, najua, najua, sasa hivi iko kwenye setingi. Tukabadilisha mbio mbio, tukawatumia watu faili kwa WhatsApp, na namba tukaiacha 1.8 vile ilikuwa. Ikawa kuna 1.8 ya 16 na 1.8 ya 14, ukiziangalia ni mapacha. Januari mosi 2021 VAT ikarudi 16. Tunapigia wateja, uko toleo gani, 1.8, sawa, lakini ni 1.8 gani? Hakuna anayejua, hata sisi. Mteja mmoja wa minimati tatu, Kasarani, Githurai na Ruiru, mbili zikarekebishwa na ya tatu tukaamini iko sawa kwa sababu namba ilifanana na zingine. Ile ya tatu iliendelea kukata 14 mpaka katikati ya Februari, mhasibu wake ndiye aliona, tofauti ikatoka mfukoni mwa mwenye duka. Tulimpa sapoti ya mwaka mzima bure na bado nikimwona naangalia chini. Kwa hivyo siku hizi hata tukisahihisha herufi moja kwenye risiti, namba inapanda. Faili ikishatoka ofisini haibadilishwi, ikiwa mbaya tunatoa nyingine yenye namba yake.

Wale mnaotumia programu yetu kwa simu, hii inawahusu kidogo tu. Android haisomi ile 2.10 unayoona, ndani kuna namba nyingine nzima isiyo na nukta ambayo lazima ipande kila mara, ikishuka simu inakataa kuweka apdeti. Kijana wetu wa atachment, mwanafunzi wa mazoezi ya kazi, alishawahi kuishusha, weita wa hoteli nzima wakarudi kuandika oda kwa karatasi mchana kutwa.

Na tafadhali msiniletee ile ya ati jirani anauziwa programu toleo la 7. Mtu anaweza kuanzia 7 kama anataka, hakuna polisi wa namba.

Kuna mteja alipendekeza tutumie tarehe kama Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, 24.04 yao ni Aprili 2024, mtu yeyote anaelewa. Tulilifikiria sana hilo. Tarehe inakuambia umechelewa kiasi gani, ila haikuambii kama Jumatatu kashia atafungua auze au atakaa akingoja sisi, na hilo ndilo ninataka ulijue kabla sijagusa kompyuta yako. Ila kwa ajili ya mzee wa Nyamakima tumeongeza maandishi madogo pembeni ya namba, mwezi na mwaka wa kutolewa. Nikamtumia picha. Akajibu, "Sasa hii hata mimi naelewa, mngesema hivyo tangu mwanzo." Nikamkumbusha ile ada ya sapoti ambayo anasema alilipa, kwetu haijaingia. Amesoma, tiki mbili za bluu, kimya.