Barua kwa mwanangu: lundo la mboji ya miparachichi usiligeuze

Mwanangu,

Picha za shamba nimeziona, miche imeshika vizuri na mistari imenyooka, nimefurahi sana baba. Ila lile lundo la mboji nyuma ya banda ndo limenifanya nikae niandike, maana kwenye simu ulisema unaligeuza kila wiki ili liive haraka. La mchicha na kabichi endelea kugeuza tu, ni sawa, ila la miparachichi tengeneza la peke yake na ukishalipanga usiliguse na koleo.

Sababu ni fangasi. Mboga za muda mfupi zinaridhika na mboji iliyojaa bakteria, ila mparachichi asili yake ni msituni, kule majani na matawi yanaozea chini ya mti na wanaoyaozesha hasa ni fangasi, kwa sababu mbao ina kitu kigumu kinaitwa lignini ambacho bakteria wengi hawakiwezi. Alafu kuna ule ugonjwa wa kuoza mizizi unaoua miparachichi dunia nzima, unaletwa na kijidudu kinaitwa Phytophthora. Hicho kijidudu ukuta wake umejengwa kwa selulosi, ile ile iliyoko kwenye mbao, kwa hiyo fangasi wanaokula mbao wanatoa vimeng'enya vinavyomyeyusha na yeye, watafiti wa California waliliona hilo chini ya matandazo ya matawi yaliyokatwakatwa. Maji yakituama shambani hata mboji haitakuokoa, mitaro kwanza.

Sasa kaboni na naitrojeni. Kaboni ni ugali, naitrojeni ni mboga, na hawa fangasi ugali wanautaka mwingi. Lundo la kawaida watu wanalenga kaboni 30 kwa naitrojeni 1, kwa uzito, ila la fangasi nenda mpaka 35 au 40. Kinyesi cha kuku kiko kama 10 kwa 1, samadi ya ng'ombe kama 20, majani makavu 50 hivi, mabua ya mahindi 60 na zaidi, maranda ya mbao yanafika 400 huko. Ndo maana ukimwaga maranda matupu shambani ukayachanganya na udongo miche inageuka njano, vijidudu vinachukua naitrojeni yote ya udongo ili viyale. Kwa vitu vya Njombe mimi ningepima hivi: ndoo 4 za majani makavu na mabua yaliyokatwa vipande, zishindilie kidogo, ndoo 1 ya samadi, na nusu ndoo ya maranda, unarudia mpaka lundo likufike kifuani. Vijitawi vya miwati ukivikata vidogo weka pia. Kinyesi cha kuku hapo hapana, lundo litachemka, na joto likizidi digrii 65 za Selsiasi unawaua hao hao unaowafuga. Ukisikia harufu inayochoma pua ujue naitrojeni imezidi, ongeza vikavu. Na maranda uliza yametoka wapi, mbao zilizopigwa dawa zinaweza kuwa na shaba na aseniki, hayo usiyalete shambani hata ukipewa bure.

Utaniuliza, mama bila kugeuza hewa itaingiaje? Kuna mtu na mkewe kule New Mexico, Marekani, David Johnson na Hui-Chun Su, walilitatua vizuri: unazungushia wavu wa waya, unasimamisha mabomba ya inchi 4 katikati, unajaza, kesho yake unayachomoa na yale matundu yanabaki wazi. Kipimo chao ni kwamba hakuna sehemu ya lundo iliyo mbali na hewa kuzidi sentimita 30. Ukigeuza unakata nyuzi zote za fangasi waanze upya. Wao wanaliacha karibu mwaka mzima, minyoo wanaweka joto likishashuka, na unyevu hawauachi upotee hata siku moja. We funika na majani ya mgomba, mwagilia kidogo kidogo, ukikamua konzi mkononi yatoke matone mawili matatu, yasitiririke.

Kitu kingine, usidanganyike na weupe. Wiki za mwanzo utakuta unga mweupe wa kijivu pale lilipopata joto, hao ni bakteria wa aina fulani, sio fangasi. Fangasi utawajua kwa nyuzi, vunja kipande cha mti kilichooza uone zimekishika pande zote mbili hazitaki kuachia, na harufu inakuwa ya msituni baada ya mvua.

Likiiva tandaza juu ya udongo chini ya kivuli cha mti, usichimbie maana mizizi ya parachichi iko juu juu, na acha nafasi kama shubiri moja kutoka kwenye shina lisioze. Wavu wa waya usinunue, baba yako ana kipande kimebaki kwenye banda la kuku, nitakupakilia kwenye basi la Ijumaa pamoja na ndizi.

Mama yako