Msichome barua za wazee

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi Wapemba wenzangu jambo moja: msichome barua za wazee wenu kabla hazijasomwa.

Mwezi uliopita tulisafisha nyumba ya marehemu bibi yangu hapa Wete. Chini ya kitanda tukakuta bati la biskuti limejaa barua za kaka yake, aliyehamia Maskati baada ya Mapinduzi ya 1964. Mdogo wangu alishaziweka pamoja na kurasa za msahafu mkuukuu za kuchomwa, maana aliona herufi za Kiarabu tu. Kumbe ni Kiswahili kitupu!

Nikamwita mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akatusomea barazani. Katika barua moja babu anauliza kama mkarafuu wa kisimani umezaa, na kama goti la mama yao limepoa. Pembezoni mwa karatasi hiyo pana hesabu ya pishi za karafuu kwa penseli, mkono wa bibi mwenyewe. Sisi wajukuu wote tulikuwa tukidhani bibi hajui kuandika. Nililia mbele za watu.

Mchwa na unyevu wa masika havingoji. Zipigeni picha kwa simu, mrekodini mzee anayesoma angali hai, kisha zihifadhini pakavu. Msizigandishe kwa plastiki ya moto, zinaharibika.

Barua moja imetushinda, wino umefifia kwenye mkunjo. Mwenye ujuzi wa kuisoma bila kuichana, naomba aandike kupitia ukurasa huu.

Mjukuu wa Wete,
Pemba