Ukiongeza Namba ya Kiatu, Umeongeza Maumivu

Jumatatu asubuhi, chai yangu bado inafuka moshi, dada mmoja aliingia dukani, akamwaga viatu vyekundu kutoka kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, mpaka juu ya meza. "Fundi, umekula elfu kumi na tano zangu bure." Wateja watatu walikuwa ndani. Mmoja wao, mama aliyekuja kuchukua begi lake, alikuwa ameshatoa pochi alipe. Akairudisha mkobani taratibu.

Huyo dada alikuwa ametoka kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, Masaka. Alhamisi nilimpanulia viatu, Jumamosi akavivaa, na kabla wasemaji wa pande mbili hawajamaliza kutupiana mafumbo, vidole vilikuwa vinawaka moto. Usiku alirudi Kampala peku kwenye teksi, na njiani akaweka picha ya miguu yake WhatsApp na maneno ambayo sitayarudia hapa. Wateja wangu wawili walinitumia picha hiyo hata kabla hajafika dukani.

Sikubishana naye. Niliingiza mkono ndani ya kiatu, maana macho ya fundi viatu ni vidole vyake. Nikatoa kimto cha jeli. Chini yake nikakuta kingine. Mbele kabisa, penye ncha, kulikuwa na tishu iliyoshindiliwa mpaka ikawa ngumu kama kokwa la embe.

"Mguu wako namba ngapi?"

"38."

"Na hivi?"

"39. Nilitaka nipate nafasi."

Hapo ndipo penye ugonjwa, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Kila mwisho wa mwezi, na Desemba karibu kila siku, naletewa kiatu cha kisigino kirefu kilichoongezwa namba ili "kisibane", kisha kikajazwa vitu ndani kwa sababu kinapwaya, kisha kikaletwa kwangu kwa sababu kinabana. Mtu ameshalipa mara tatu kabla sijagusa sindano.

Kiatu cha kisigino ni mteremko. Panda boda uteremke kutoka juu ya kilima cha Muyenga: abiria wa nyuma anamlalia dereva, hata awe na adabu kiasi gani. Vidole vyako ndio dereva. Kisigino kikiwa kirefu, uzito mwingi wa mwili unahama kutoka nyuma ya mguu na kuangukia ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, na kadiri kinavyorefuka ndivyo mzigo wa mbele unavyozidi. Kiatu kikikuenea, kinaushika mguu pale juu na kwenye kisigino usiteleze. Kikiwa kikubwa hakuna cha kuushika, kwa hiyo unashuka mpaka ukutane na ncha. Unadhani kiatu kinabana, kumbe ni wewe umeserereka ukajisokomeza mwenyewe kwenye kona.

Halafu namba hizi za Ulaya, zile zinazopigwa kwenye viatu vingi vya soko la Owino na vya madukani, zinapima urefu. Kutoka 38 hadi 39 ni karibu milimita 7 za urefu. Upana unaongezeka kidogo mno, na wewe shida yako ilikuwa upana. Lakini sasa pale kiatu kinapojikunja si tena pale mguu wako unapojikunja, na ule mwinuko wa kubeba uvungu wa unyayo umesogea mbele ukaacha hewa. Unatembea kama mtu aliyeazima kiatu cha dada yake mkubwa.

Vile vimto vya jeli sina ugomvi navyo, nauza mwenyewe. Tatizo ni mahali vinapowekwa. Watu wanavibandika chini kabisa ya sehemu inayouma, na hapo vinainua mguu na kuula ule upenyo mdogo uliobaki juu ya vidole. Kimto cha kazi hii ni kidogo, umbo la tone la maji, na kinakaa nyuma kidogo ya sehemu inayouma, upande wa kuelekea kisigino, ili kuinua mifupa na kuupunguzia mzigo ule upana wa mbele. Kikisogea hata upana wa kidole, umevaa kokoto. Ndiyo maana simuuzii mtu kimto aende nacho nyumbani. Vua, vaa, tembea mpaka mlangoni na kurudi, nisogeze, tembea tena. Wengine wanachoka. Juzi mmoja aliniuliza kama napima miguu au naosha.

Na dawa yenyewe mara nyingi wala si kimto. Ni mkanda. Kamba nyembamba ya ngozi juu ya mguu au kuzunguka kifundo inaurudisha mguu nyuma na kuuzuia usiserereke. Nikiongeza kipande cha ngozi yenye manyoya laini ndani, chini ya unyayo wa mbele, mguu haupati pa kuteleza. Kama ndiyo kwanza unanunua, chukua chenye mkanda tayari. Na kama unapenda urefu, tafuta chenye soli nene mbele: kisigino cha sentimita 10 juu ya soli ya sentimita 3, mguu wako unahisi mteremko wa 7. Wateja wetu wa Tanzania, wale wanaoviita mchuchumio, wanalijua hili kuliko sisi wa huku.

Sasa kupanua. Ngozi halisi inapanuka, ila haipendi haraka. Naipulizia dawa ndani, naingiza kalibu ya mbao yenye skurubu, nakaza mpaka ianze kugoma, naiacha. Baada ya saa kadhaa nakaza tena kidogo. Siku mbili, wakati mwingine tatu. Kama una nundu pembeni ya kidole gumba, kalibu ina matundu ya kuchomeka kifungo kinachosukuma pale pale tu. Lakini nijue ni pale wapi! Kwa hiyo nakuomba rangi ya mdomo. Unaipaka kwenye nundu au sugu, unavaa kiatu polepole, unavua, na ndani ya kiatu kuna alama nyekundu inayoniambia mahali pa kusukuma. Kuna mama mmoja wa Bombo, anavaa gomesi, lile gauni refu la kina mama, na viatu vya kisigino kila Ijumaa ya sherehe, alishangaa kuona alama yake ikitokea sentimita nzima nyuma ya pale alipokuwa ananionyesha kwa kidole miaka yote. Wala hakuwa anadanganya. Mguu uliosimama ni mguu mwingine.

Viatu vya plastiki vinavyong'aa sipanui. Vinarudi vilivyokuwa, au vinapasuka, na wewe unarudi na kaveera. Na tafadhali, ile njia ya kuvaa soksi mbili nzito na kupuliza kwa mashine ya kukaushia nywele: joto linaamsha gundi. Nimepokea kiatu cha harusi kilichofunguka soli kama mdomo wa mamba, na mwenyewe alishajaribu kukifunga kwa supagluu. Supagluu inakauka kama kioo, na kiatu kinajikunja kila hatua, kwa hiyo inavunjika. Kisha gundi ya viatu haikamati juu yake mpaka niikwangue yote. Kazi ya elfu kumi ikawa ya elfu thelathini. Akanuna. Nisingekwangua angenuna zaidi, tena akiwa katikati ya ukumbi.

Kuna wanaoamua bora wakate kisigino. Hili nalifanya, lakini naishia sentimita moja, moja na nusu kwa kiatu kirefu sana, na siongezi hata ukinililia. Ndani ya soli kuna chuma chembamba kilichopindwa kufuata urefu wa kisigino kile kile. Ukikata sentimita 3, ncha inanyanyuka juu kama mtumbwi, kisigino kinalala nyuma, na chuma kinaanza kucheza kila ukikanyaga mpaka kinakatika. Mteja mmoja wa Ntinda niliyemkatalia alienda kwa kijana wa pembeni ya barabara mwenye msumeno wa chuma, akakatiwa kwa elfu tano. Alirudi baada ya wiki mbili na kiatu kimoja kimevunjika kiuno. Simlaumu kijana. Aliambiwa kata, akakata.

Najua mnachosema kuhusu bei. Kijana wa pembeni anabadilisha vile vimpira vya chini ya kisigino kwa elfu tatu, mimi elfu kumi. Vya kwake mara nyingi ni mpira uliokatwa kwa kisu na kupigwa msumari. Vyangu vina pini yake, naichagua inayobana vizuri kwenye tundu, kisha nasugua kingo mpaka usione kiungo. Na msumari ukipasua kisigino chembamba, habari imeisha, hakishonwi. Usisubiri kimpira kiishe mpaka chuma kigonge sakafu kwo-kwo-kwo. Kikilika upande mmoja tu, kifundo kinalalia upande huo usiku mzima, na kesho unasema viatu vya kisigino vinaumiza magoti.

Wanaonunua Owino, na mimi nanunua huko, kabla hujalipa ukunje mbele kwa mikono na ubonyeze soli kwa ukucha. Baadhi ya soli za plastiki laini huoza zenyewe kwa miaka ya kukaa tu, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kinang'aa juu, chini ni keki iliyokauka. Msimamizi mmoja wa bibi harusi aliacha vipande vya soli kutoka meza ya keki mpaka jukwaani.

Kuhusu usiku wenyewe nina machache. Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imeshavimba ya siku nzima, maana ndiyo miguu utakayoenda nayo. Usivivae kwa mara ya kwanza siku ya sherehe. Vaa nyumbani nusu saa unapika. Kwenye kwanjula, ukivua uketi mkekani saa mbili umekunja miguu, viatu havitaingia tena bila vita, kwa hiyo inuka mapema kabla muziki haujaanza, nyoosha vifundo, uvae ukiwa umekaa kwenye kiti. Sherehe za bustanini Entebbe na Munyonyo zina majani na udongo laini: kuna vikombe vidogo vya plastiki vya kuvalisha ncha ya kisigino kisizame, elfu nane jozi, naazimisha pia. Na kwenye boda weka viatu mkobani, panda na ndala.

Kumeza vidonge vya maumivu kabla ya kutoka, au kupaka dawa ya ganzi, sikuungi mkono. Maumivu ndiyo yanayokuambia ngozi inachubuka. Ukiyanyamazisha, utaliona lengelenge asubuhi likiwa limeshapasuka. Na kama kuna moto au ganzi katikati ya kidole cha tatu na cha nne isiyoondoka hata ukivaa ndala, hiyo si kazi yangu, nenda kwa daktari. Mwenye kisukari vilevile, asije kwangu kwanza.

Turudi kwa dada wa Masaka. Kosa langu lilikuwa moja, na nilimwambia mbele ya wale wale wateja watatu: nilikubali kupanua kiatu bila kuuona mguu, kwa sababu alikitaka Ijumaa na kulikuwa na foleni. Hiyo haitarudiwa. Nilitoa tishu na jeli zote, nikashona mkanda wa kifundo, nikabandika ngozi ndani na kimto kimoja kidogo. Kazi ni 35,000. Nilikata zile 15,000, akalipa 20,000, huku ananung'unika. Mama wa begi naye akatoa pochi.

Jumamosi alienda navyo Kabalagala. Hakunipigia simu, na kwa mteja wa aina yake hiyo ni sifa. Ila jana alimtuma mdogo wake, viatu vya dhahabu ndani ya kaveera, namba 40, mguu wa 38 na nusu. Nimemwambia akae, avue soksi, na kama ana rangi ya mdomo aitoe.